Saa ya Kifahari Isiyochuja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu saa za mkono za kifahari za muundo wa kale, hasa zile zinazoendeshwa na kamani (springi) badala ya betri. Pale ambapo jibu linategemea jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Ni nini kinachoifanya saa ihesabiwe kuwa haichuji?

Si umri peke yake. Zipo saa za miaka ya 1970 zilizozeeka vya kutosha na bado hakuna anayezitamani. Kinachohesabika kwanza ni umbo lililobuniwa zamani ambalo mtu anaweza kulivaa leo bila kuonekana kama mwigizaji wa mchezo wa kale. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Calatrava ya kampuni ya Patek Philippe iliyotolewa mwaka 1932. Ina kasha la mviringo la takriban milimita 31, alama nyembamba za saa, akrabu (yaani mishale) mbili, na duara dogo la sekunde upande wa chini. Hakuna kilichowekwa usoni mwake ambacho msomaji wa wakati hakihitaji, na kwa hiyo hakuna kilichoweza kupitwa na mtindo.

Sifa ya pili, ambayo kwangu ina uzito kuliko ya kwanza, ni kutengenezeka. Saa ya kamani hufunguliwa, husafishwa, hutiwa mafuta na kufungwa tena; kipuri kilicholika hubadilishwa, na kisipopatikana, fundi stadi anaweza kukichonga upya. Kifaa cha kielektroniki kilichokufa baada ya miaka ishirini aghalabu hutupwa kwa sababu sehemu zake hazitengenezwi tena, ilhali saa iliyoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili inaweza kuwekwa mezani kwa fundi leo ikaondoka ikiwa nzima.

Kwa nini mtu anunue saa ya kamani ilhali simu huonyesha wakati kwa usahihi zaidi?

Hakuna hoja ya usahihi inayoweza kuitetea saa ya kamani mbele ya simu, na muuzaji anayejaribu kuijenga hoja hiyo atiliwe shaka. Sababu ziko kwingine. Saa ya kamani ni mashine kamili inayoendeshwa na nguvu ya mwenye kuivaa, haiombi chaji wala mtandao, na mtu akiitazama huona wakati tu, hakutani na ujumbe uliokuwa ukimsubiri. Tena ni pambo ambalo hata mtu asiyependa mapambo huweza kulivaa bila kujieleza.

Saa ya kamani hufanyaje kazi?

Mtu anapoizungusha funguo iliyo ubavuni mwa saa, huikaza kamani kuu, ambayo ni utepe wa chuma uliojiviringa ndani ya kopo dogo. Kamani hiyo hutaka kujikunjua, na nguvu yake hupita katika mfululizo wa magurudumu yenye meno. Ingeachwa hivyo, yangezunguka kwa kasi mpaka nguvu iishe mara moja. Kinachoizuia ni uma mdogo wenye vijiwe viwili vya yakuti nyekundu, unaolisimamisha gurudumu la mwisho na kuliachia jino moja kwa wakati. Uma nao hupokea amri kutoka kwa gurudumu la mizani, ambalo huyumba kwenda na kurudi likishikiliwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Mlio wa saa tunaousikia ni wa vijiwe hivyo vikigonga meno.

Saa nyingi za sasa hugonga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kwa sekunde, na ndiyo maana mshale wake wa sekunde huonekana kuteleza badala ya kuruka. Kwa kasi hiyo saa hugonga zaidi ya mara milioni 252 kwa mwaka.

Kuna tofauti gani kati ya saa ya kutia ufunguo na inayojijaza?

Ya kwanza hutiwa ufunguo kwa mkono, kwa kawaida kila siku. Ya pili ina kipande kizito cha nusu duara ambacho huzunguka mkono unapotikisika na kuikaza kamani chenyewe. Ikivuliwa, saa nyingi huendelea kutembea kati ya siku moja na nusu hadi siku tatu kutegemea mashine iliyomo. Saa ya kutia ufunguo huweza kuwa nyembamba zaidi. Inayojijaza inamfaa msahaulifu.

## Historia kwa ufupi

Saa ilihamaje kutoka mfukoni hadi mkononi?

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mwanamume wa Ulaya alibeba saa mfukoni, na saa ya mkono ilionekana kuwa bangili ya kike. Mwaka 1904 Louis Cartier, sonara wa Paris, alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, rubani Mbrazili, saa ya kufunga mkononi ili aweze kusoma wakati bila kuachia usukani wa chombo chake angani. Hata hivyo, kilichougeuza mtazamo wa umma ni Vita Kuu ya Kwanza. Askari aliye handakini, anayepaswa kusonga mbele kwa dakika iliyopangwa, hakuwa na nafasi ya kupekua mfuko, na waliorudi nyumbani hawakuzivua saa zao. Hapo ndipo hoja ya bangili ya kike ilipokufa.

Ni saa zipi huchukuliwa kuwa vielelezo?

Kila mpenzi wa saa ana orodha yake, na mabishano hayaishi. Mbali na Calatrava iliyokwisha kutajwa, ni vigumu kuiacha Tank ya Cartier, iliyobuniwa mwaka 1917 na ambayo kasha lake la pembe nne lilihusishwa na umbo la vifaru vya vita likitazamwa kutoka juu. Reverso ya Jaeger-LeCoultre ya mwaka 1931 ilizaliwa kutokana na malalamiko ya wachezaji wa polo nchini India waliovunja vioo vya saa zao mchezoni. Kasha lake huteleza na kugeuka ili mgongo wa chuma ukae juu.

Kwa upande wa Rolex, kasha la Oyster la mwaka 1926 ndilo lililoleta funguo inayokazwa kwa skrubu ili maji yasiingie. Oktoba 1927 mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliogelea kwa zaidi ya saa kumi katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa ameining'iniza saa hiyo shingoni, nayo ikatoka ikitembea. Hans Wilsdorf, mwasisi wa kampuni hiyo, hakuiachia habari hiyo ipite hivi hivi. Aliitangaza katika ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail. Datejust ilifuata mwaka 1945 na Submariner mwaka 1953, na zote mbili bado zinatambulika kwa mtazamo mmoja. Omega Speedmaster, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957 kama saa ya kupimia muda katika mashindano ya magari, ilivaliwa na mwanaanga Buzz Aldrin mwezini Julai 1969.

Saa za betri zilishindwaje kuziua saa za kamani?

Nusura ziziue. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa iitwayo Astron, ya kwanza ya mkono kuongozwa na kipande cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeshwa na umeme wa betri. Ilikuwa na kasha la dhahabu na bei yake ilikuwa yeni 450,000. Teknolojia ambayo baadaye ingeingia katika saa za bei ya chini kabisa ilianza kama bidhaa ya matajiri. Bei zilipoporomoka, viwanda vya Uswisi viliporomoka navyo. Wafanyakazi wa sekta ya saa nchini humo, waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walibaki zaidi kidogo ya 30,000 kufikia katikati ya miaka ya 1980.

Kisa kimoja chaonyesha jinsi mambo yalivyokuwa karibu na ukingo. Mwaka 1975 wamiliki wa Zenith, kampuni ya saa ya Uswisi, walioko Marekani waliamuru mitambo ya kuundia saa za kamani iondolewe. Fundi Charles Vermot, aliyeshiriki kuiunda mashine ya kupimia muda iitwayo El Primero, alikataa kuamini kwamba mambo yameishia hapo. Alibeba zana, vibonyezeo na michoro, akavificha darini katika kiwanda cha Le Locle huku akiandika kila kitu kilikaa wapi. Mwaka 1984 El Primero ilianza kutengenezwa tena kwa zana zile zile, na kuanzia mwaka 1988 Rolex iliitumia, baada ya kuifanyia marekebisho mengi, ndani ya saa yake ya Daytona. Bila ule ukaidi wa mtu mmoja, gharama ya kuanza upya ingeweza kuizima mashine hiyo moja kwa moja.

Kilichoziokoa saa za kamani kwa jumla ni kwamba wanunuzi waliacha kuziona kama vifaa vya lazima. Mara tu usahihi ulipokuwa rahisi kupatikana, ufundi ndio uliokuwa adimu, na watu wakaanza kuulipia.

## Usahihi, vifaa na maneno ya usoni

Saa ikipoteza sekunde chache kwa siku, ni mbovu?

La. Siku ina sekunde 86,400, hivyo saa inayokosea kwa sekunde tano kwa siku bado iko sahihi kwa zaidi ya asilimia 99.99. Taasisi ya Uswisi ya COSC hupima mashine kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto (nyuzi 8, 23 na 38), na huikubali ile ambayo wastani wake haupungui kwa zaidi ya sekunde 4 wala kuzidi kwa zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Saa isiyo na cheti hicho inaweza kuwa nzuri vilevile. La kutia wasiwasi ni badiliko la ghafla, ambalo limeelezwa katika swali la saa inayokimbia.

Maneno "Swiss Made" yana maana gani hasa?

Ni maneno ya kisheria. Mashine iwe ya Uswisi, iwekwe ndani ya kasha huko, ukaguzi wa mwisho ufanyike huko, na tangu Januari 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za uzalishaji ziwe zimetumika nchini humo. Maana yake ni kwamba baadhi ya sehemu zaweza kutoka kwingine bila sheria kuvunjwa. Tusisahau pia kwamba Japani na Ujerumani hutengeneza saa zisizopungukiwa na chochote.

Nichague dhahabu au chuma cha pua?

Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi. Ni nzito, haiingii kutu, lakini hukwaruzika upesi. Chuma cha pua huvumilia kazi za kila siku. Zamani chuma kilikuwa cha saa za bei nafuu, hadi mwaka 1972 ambapo kampuni ya Audemars Piguet ilitoa Royal Oak, iliyobuniwa na msanifu wa saa Gérald Genta, ikiwa ya chuma na ikiuzwa faranga 3,300 za Uswisi, bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu. Wengi waliona ni kichaa. Leo ni miongoni mwa saa zinazotafutwa sana.

Je, maneno "mita 30" yananiruhusu kuzama mita 30?

Hapana, na kosa hili huharibu saa nyingi. Kipimo hicho hupatikana kwa mgandamizo wa maabara wakati saa ikiwa mpya na imetulia. Saa ya mita 30 itavumilia matone ya mvua na kunawa mikono. Ya mita 100 inafaa kuogelea. Ya kuzamia inapaswa kukidhi vipimo vya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia. Aidha, raba zinazozuia maji huchakaa, kwa hiyo saa kuukuu ichukuliwe kuwa haizuii maji mpaka fundi aipime, hata kama mgongoni pameandikwa vinginevyo.

## Kununua

Ni bora kununua mpya au iliyokwisha kutumika?

Mpya humpa mnunuzi dhamana na utulivu wa moyo. Iliyotumika humpa chaguo pana zaidi na mara nyingi nafuu ya bei, lakini humtaka ajue anachokitazama. Ushauri wangu ni kuitazama hali ya saa kabla ya kulitazama jina lake: saa ya kampuni isiyovuma sana, yenye uso wa asili na kasha lenye kingo kali, ni ununuzi bora kuliko jina kubwa lililopakwa rangi upya na kusuguliwa mpaka kingo zikayeyuka.

Nitaitambuaje saa bandia?

Kwa kuitazama nje tu, huenda usiitambue, kwa sababu bandia za siku hizi zimeiga vizuri hata uzito. Makosa ya tahajia, maandishi yenye kingo chafu na tarehe isiyokaa katikati ya kidirisha chake bado hufichua nyingi, lakini uthibitisho wa kuaminika ni fundi kuifungua na kuiona mashine. Muuzaji anayekataa saa ifunguliwe amekwisha kujibu swali.

Kuna aina nyingine inayosumbua zaidi: saa ambayo kila sehemu yake ni halisi, ila kasha limetoka kwenye saa moja, uso kwenye nyingine na akrabu kwenye ya tatu. Hapo linganisha namba za kasha na za mashine na kipindi kinachodaiwa, na kuwa mwangalifu na uso unaong'aa kama mpya juu ya kasha lililochoka.

Saa ni uwekezaji mzuri?

Kwa kawaida sivyo. Saa nyingi hushuka thamani mara tu zinapotoka dukani. Minada huvuta macho: Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17, na Grandmaster Chime ya Patek Philippe iliuzwa Geneva mwaka 2019 kwa faranga milioni 31. Lakini ya kwanza ilinunuliwa pamoja na jina la mwenyewe, na ya pili ilikuwa ya pekee kwa kuwa ya chuma cha pua, tena ikauzwa kwa ajili ya hisani. Kuipimia saa ya kawaida kwa mizani hiyo ni kujidanganya. Bei za saa zilizotumika zilizopaa hadi mwanzoni mwa mwaka 2022 zilishuka baadaye, na waliokopa ili kununua waliumia.

Ukubwa gani unafaa?

Saa nyingi za kiume za katikati ya karne iliyopita zilikuwa na milimita 33 hadi 36. Usitazame upana pekee. Pima urefu kutoka ncha moja ya masikio ya kasha (yanayoshika mkanda) hadi nyingine, na hakikisha hayavuki kingo za kifundo cha mkono wako.

## Kutunza

Saa ipelekwe kwa fundi kila baada ya muda gani?

Kati ya miaka mitano na kumi kwa saa inayovaliwa. Mafuta hukauka hata saa ikiwa kabatini, na chuma kinachosuguana na chuma kikavu hujila polepole bila mwenye saa kuona dalili. Saa huweza kuendelea kuonyesha wakati vizuri huku ikijimaliza ndani.

Kwa nini naambiwa nisibadilishe tarehe usiku?

Katika saa nyingi magurudumu ya tarehe huanza kuingiana kabla ya saa sita usiku na huachana baada yake. Ukiilazimisha tarehe kwa kitufe au funguo katika muda huo, yaani takriban saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, jino linaweza kukatika. Kwa kuwa saa haijui mchana wala usiku, ipeleke kwanza mishale hadi saa kumi na mbili na nusu, hapo ambapo yote miwili huelekea chini, kisha ubadilishe.

Saa yangu imeanza kukimbia kwa dakika kadhaa ghafla. Imepatwa na nini?

Huenda imeshikwa na sumaku. Spika, vifuniko vya simu na vifungo vya mikoba vina sumaku zinazotosha kuifanya mizunguko ya kamani ya unywele ishikane. Kamani iliyoshikana huwa kama imefupishwa, na mizani huyumba upesi zaidi. Weka dira kando ya saa: sindano ikitikisika, umepata jibu. Fundi huiondoa sumaku kwa muda mfupi sana bila kuifungua saa.

Mikwaruzo isuguliwe?

Mara chache iwezekanavyo. Kila msuguo huondoa chuma ambacho hakirudi, na kingo zilizopotea hushusha thamani kuliko mikwaruzo yenyewe. Kioo ni habari nyingine: cha plastiki ya akriliki hung'arishwa bila madhara, ilhali cha yakuti hakikwaruziki kwa urahisi ila kikigongwa vibaya huvunjika.

## Hali zisizo za kawaida

Rangi inayong'aa gizani kwenye saa ya zamani ni hatari?

Inaweza kuwa. Hadi miaka ya 1960 namba nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, kitu chenye mionzi ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 1,600. Mng'ao ukishatoweka, kilichochoka ni kemikali iliyokuwa ikiwaka, mionzi ingalipo. Usiifungue saa kama hiyo wala kukwangua uso wake, maana hatari kubwa ni vumbi linapovutwa puani, na mjulishe fundi mapema. Tritiamu iliyofuata ni dhaifu zaidi na mionzi yake haipenyi kioo. Rangi za sasa hutunza mwanga tu, hazina mionzi.

Saa yenye kalenda ya kudumu haitahitaji kurekebishwa kamwe?

Mashine hiyo, ambayo Patek Philippe iliiweka katika saa ya mkono mwaka 1925, hujua miezi mifupi na miaka mirefu. Isichokijua ni kwamba mwaka 2100, ingawa unagawanyika kwa nne, hautakuwa mrefu. Saa nyingi za aina hiyo zitaonyesha tarehe 29 Februari siku ambayo kalenda itasema ni tarehe 1 Machi. Kabla ya hapo zitarekebishwa kila zitakapoachwa zisimame, na kazi hiyo hufanywa kwa kufuata kijitabu cha saa husika, neno kwa neno.

Nimerithi saa iliyolala miaka mingi. Nifanye nini kwanza?

Usiitie ufunguo kwa shauku ya kuona kama inatembea. Mafuta yaliyoganda yanaweza kuwa gundi, na dakika chache za kutembea kavu zinaweza kuharibu egemeo la gurudumu lililokuwa zima (tazama swali la muda wa kwenda kwa fundi). Usibadilishe uso, mishale wala funguo kabla ya kuuliza, na fundi akibadilisha chochote mwambie akurudishie kilichotolewa.

Kusanya pia karatasi, risiti, kisanduku na picha za aliyekuwa akiivaa. Kwa mnunuzi ni ushahidi. Kwako wewe, maandishi yaliyochongwa mgongoni, ambayo muuzaji angeyafuta ili apate bei, huenda ndiyo sababu pekee ya saa hiyo kuwa yako na si ya mwingine. Mwambie fundi asiyaguse.